Tanki, Mwambie Mkwe Wangu

Mama mkwe wangu nilimjua kwa miguu. Tangu nimwoe Pendo mpaka binti yetu wa kwanza, Asnath, anaingia darasa la sita, uso wa mama yake Pendo sikuwahi kuuona sawasawa. Lakini miguu yake ningeitambua hata katikati ya gulio: mipana, wa kulia ukitangulia kwa hasira, wa kushoto kidole gumba hakina ukucha tangu kilipokutana na jembe. Nikiiona inakuja kwenye njia ya kwetu Ulemo, mimi huyo, ndani ya alizeti. Nasimama humo na nyuki mpaka apite.

Ndiyo heshima ya ukwe kwa wazee wetu. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, hali mbele yake, na jina lake halitamki. Kwa hiyo nakuambia wewe tu kwamba anaitwa Evodia, na usimwambie mtu. Mimi namwita Bibi Asnath, yeye ananiita Baba Asnath. Vijana wa siku hizi wanacheka, na hata kijijini kwetu wapo wanaokaa sebuleni na mama wakwe zao wakitazama tamthilia. Waache. Bibi Asnath si mtu wa tamthilia.

Heshima hiyo ina mlango wa kutokea. Mama mkwe akiridhika, anamwita mkwe, mkwe anakuja na mbuzi jike, na mama anamnawisha mikono mbele ya watu, kwa mkono wake wa kulia. Mkishakula pamoja, basi, mnatazamana, mnasalimiana na kugombana kama watu wa nyumba moja. Wengi hufanya hivyo mtoto wa kwanza akishazaliwa. Mimi nilipata wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mbuzi niliyemtenga kwa shughuli hiyo akazeeka akafa. Kila Pendo alipouliza, mama yake alijibu, "Bado namchunguza." Anamchunguza mtu ambaye hamtazami! Nilinuna, sifichi. Banda la kuku wake nimelijenga mimi, bati la nyumba yake nimelipiga mimi, na bado nachunguzwa.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna alizeti, akaanguka bandani akiwapa kuku maji. Kiharusi. Upande wote wa kulia ukalala, mguu, mkono na pembe ya mdomo. Wanawake wa jirani ndio waliombeba. Mimi nilitafuta gari, nikakaa mbele na dereva, na njia nzima sikugeuza shingo. Dereva aliniuliza kama nina jipu.

Hospitali walipomaliza kazi yao walisema sasa anahitaji uangalizi na mazoezi ya kila siku. Nyumbani hatukuwa na uwezo huo. Pendo alikuwa mjamzito wa mtoto wa nne, mimba changa, na kila asubuhi ilimlaza. Kaka yake, Gerald, yuko Dar es Salaam, na kutoka huko anaongoza familia kwa simu. Ndipo tukampeleka Ihanja, kwenye kituo cha wazee cha masista. Kule wako wazee wa aina mbili. Wapo wanaokuja kwa muda, wafanye mazoezi wapate nguvu warudi kwao. Na wapo wa kudumu, ambao kwao hakuna wa kuwatazama. Pazuri, niseme ukweli. Wauguzi wanawageuza vitandani wasipate vidonda, chakula ni cha moto, na mlenda wao si mbaya.

Kila Jumamosi nilipanda pikipiki yangu na kuku mmoja mpaka Ihanja. Kuku namkabidhi jikoni, kisha nazunguka nyuma ya jengo. Chini ya dirisha la Bibi Asnath kulikuwa na simtanki kubwa jeusi la maji ya mvua. Nilikaa hapo juu ya jiwe, mgongo ukutani, uso kwenye tanki.

"Tanki," nilianza, "msalimie Bibi Asnath. Mwambie shikamoo."

Sauti ikatoka dirishani, nzito upande mmoja lakini ni ile ile. "Tanki, mwambie Baba Asnath marahaba. Mwambie kuku wa wiki jana alikuwa na umri wangu."

"Tanki, mwambie Bibi Asnath huyo alichaguliwa na Pendo."

"Tanki, mwambie asimsingizie mjamzito."

Hivyo tulizungumza mambo yote: bei ya alizeti, homa ya kuku, nani kafa Ulemo, nani alipaswa kufa akakataa. Kwetu hilo si jambo la ajabu. Wazee huzungumza na wakwe zao kupitia mlango, mti, hata mbwa. Mimi nilikuwa na tanki, na lilikuwa sikivu kuliko mashemeji zangu.

Shida ni kwamba mtaalamu wa mazoezi pale kituoni, Idrissa, ni kijana wa Tanga, na mkuu wa kituo, Sista Klara, ni mtu wa Songea. Wafanyakazi wengine wote ni wa huku huku, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshawaeleza. Kwa hiyo wale wawili waliona nini? Waliona mwanaume mzima anayekuja kila wiki, haingii ndani kumwona mgonjwa, anakwenda nyuma ya jengo kuongea na tanki la maji.

Idrissa, hata hivyo, kazi yake aliijua. Alimsimamisha Bibi Asnath kati ya mabomba mawili, akamtembeza, akampa fremu ya kutembelea. Mwenda pole hajikwai, na bibi yule alikwenda pole akitukana kwa Kinyiramba chetu kila hatua. Akafundishwa kula kwa mkono wa kushoto, kuchana nywele kwa kushoto, kufunga kitenge kwa kushoto. Kila mtu akafurahi isipokuwa mwenyewe. Nilimsikia dirishani wakibishana.

"Nataka huu," alisema Bibi Asnath.

"Bibi yangu, mkono wa kulia wachelewa sana. Kwanza tupate miguu. Kushoto kwakutosha."

"Kushoto hakunitoshi. Nataka huu."

"Wautakia nini?"

"Wangu. Nautaka."

Nilidhani ni ukaidi wake wa kawaida. Niliona hata aibu kwa niaba ya familia.

Muda wake wa mazoezi ulipokwisha, Sista Klara akatuita kwa kikao. Bibi Asnath aliwekwa ofisini kwenye kiti cha magurudumu, Pendo akakaa kando yake na tumbo lililofika mlangoni kabla yake, Gerald akawekwa mezani ndani ya simu. Mimi nilisimama barazani, nje ya dirisha, mgongo kwao, kama ilivyo adabu.

Sista alieleza vizuri. Mama amepiga hatua, anatembea kidogo kwa fremu. Lakini kuinuka kitandani, kwenda chooni, kuoga, bado anahitaji mtu mwenye nguvu wa kumwinua, tena aliyefundishwa, la sivyo ataanguka avunje nyonga. Akipatikana mtu huyo, arudi kwake. Asipopatikana, kuna kitanda kimoja cha kudumu kimebaki, na wanaokihitaji ni wengi. Jibu analitaka.

"Abaki hapo hapo," simu ilisema. "Kuna wataalamu. Mimi nimeona Dar watu wanatafuta sehemu kama hiyo hawapati."

"Mimi nataka kwangu," alisema Bibi Asnath. "Nina nyumba. Nina kuku. Baba yake Gerald amezikwa pale, nani anafagia?"

"Mama, nani atakuinua?" Gerald aliuliza, na hakuwa na ubaya, alikuwa na hoja. Pendo alianza kulia kimya kimya. Yeye ni mwembamba, mama yake ni mtu wa mifupa mikubwa, na daktari alishamkataza hata ndoo.

Sista Klara akageukia dirisha. "Na wewe, baba? Wewe una mwili. Mbona huingii?"

Nikawaza nimjibuje Sista bila kuugeuza uso. Wakati nawaza, Idrissa, kwa moyo wake mwema kabisa, akaona anisaidie. Akaachia breki za kiti, akakisukuma kupitia mlango wa barazani, na sauti yake nikaisikia nyuma ya kisogo changu. "Haya, kaka, usiogope. Mshike mkono mama, nikufundishe kumwinua."

Sikufikiri. Miguu iliyozoea alizeti haiulizi. Niliruka ukuta wa baraza, nikaangukia kwenye kamba za kufulia, nikaondoka nazo, mashuka, foronya, na gauni moja la kulalia ambalo mpaka leo sijui la nani. Nyuma yangu nilisikia wazee wa kituo wakipiga makofi. Na sauti ya Sista Klara, taratibu, ya huzuni, ikimwambia Pendo, "Mama, umeona mwenyewe. Mkwe hamtaki mgonjwa. Nitamwandalia kile kitanda."

Nilikaa kwenye matope ya kufulia na shuka kichwani, na hasira zikanipanda. Hamtaki! Mimi! Niliyekunywa vumbi kila Jumamosi na kuku kifuani! Idrissa alipokuja kukusanya mashuka yake nilimfokea.

"Daktari, wewe ungemshika mama mkwe wako kabla hajakunawisha?"

"Kuninawisha nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa makelele mwanzoni, halafu kwa sauti ya kawaida, maana alikuwa ameketi kwenye matope pamoja nami, anasikiliza. Alicheka pale nilipofika kwenye mbuzi aliyezeeka. Nilipofika kwenye mkono wa kulia, akaacha kucheka.

"Lazima uwe wa kulia?"

"Wa kushoto ni matusi. Hata maji ya kunywa humpi mtu kwa kushoto."

Idrissa alishika kichwa. "Kumbe ndiyo maana."

"Maana ya nini?"

"Siku zote ananambia autaka mkono wa kulia. Nami namwambia hauna kazi, kushoto kwatosha. Kaka, huyu bibi hakuwa mkaidi. Alikuwa akutafuta wewe."

Niliinama nikajifanya natoa tope kwenye kiatu. Wewe fikiria. Mtu amelala upande mmoja, hajui kama atasimama tena, na katika hesabu zake zote ameshajua ni nani atakayemwinua. Wala si Gerald. Lakini hawezi kuniomba mpaka aninawishe, na hawezi kuninawisha mpaka ule mkono uamke. Na mimi hapo nje nachekesha tanki. Nililia, nasema wazi, nikajipangusa kwa foronya ya masista.

Idrissa akaenda kwa Sista Klara. Sijui walisemezana nini, ila Sista alitoka akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, hata Songea tuna wakwe. Kwa nini hukusema?" Kisha akakubali kile kitanda kisubiri mpaka Pendo ajifungue. Baada ya hapo, hasubiri tena.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye jiwe langu. Nilikuwa nimefikiri sana njiani, na nikaona niwe mtu wa kisasa. "Tanki," nilisema, "mwambie Bibi Asnath muda ni mdogo. Mwambie aninawishe kwa kushoto. Mimi nitapokea, na nani ataniuliza?"

Nikasikia kitanda kinalia, anajisogeza karibu na dirisha.

"Tanki," alisema, "mwambie Baba Asnath kwamba binti yangu sikumpa kwa mkono wa kushoto."

Sikurudia tena habari hiyo.

Basi kazi ikaanza. Idrissa alimpa kwanza sponji ya kuminya, kisha kikombe kitupu cha plastiki, kisha kikombe chenye maji ya kufunika chini tu. Vidole havikufunga. Kipini cha jagi kilikuwa chembamba kwake, kikiteleza kila mara, na maji yakaishia kwa Idrissa. Nilipoambiwa hivyo, hapo nikajiona nina kazi. Mimi ni seremala. Nilikata kipande cha mninga, nikachonga kipini kinene chenye mabonde ya vidole, nikakipiga msasa, nikakifunga kwenye jagi la plastiki kwa waya. Nikamwomba Idrissa asiseme kimetoka wapi.

"Tanki," alisema Bibi Asnath wiki ile ile, "mwambie aliyechonga kipini hiki kwamba kina kibanzi upande wa kidole kidogo."

Nilikirudisha nikakipiga msasa upya. Bandu bandu huisha gogo, na bibi yule alilibandua gogo lake kwa matusi. Kuna siku aliinua jagi akalirudisha bila kumwaga, nikasikia chumba kizima kinapiga vigelegele. Kuna siku mkono ulikataa kabisa, akamfukuza Idrissa, na kwa tanki hakuzungumza lolote. Siku hiyo nilikaa tu kwenye jiwe. Nilisikia anavyopumua, naye bila shaka alinisikia, na hatukuhitaji mkalimani.

Mimi nami nilifundishwa, chumba cha pili, Idrissa akiwa ndiye Bibi Asnath. Aliketi kitandani amejifunga kitenge, mimi nikajifunza kupanua miguu, kukunja magoti na si mgongo, kupitisha mikono chini ya makwapa yake, kumwegemeza kifuani, kuhesabu na kuinuka naye. "Usimvute ule mkono mgonjwa, bega litachomoka," aliniambia. Nilimwinua kijana wa Tanga mpaka nikazijua mbavu zake zote. Yeye kila akisimama alinitukana Kinyiramba kibovu, ili nizoee.

Pendo akajifungua salama, mtoto wa kike. Jina tukaliacha kwanza, maana mwenye kulitoa alikuwa Ihanja. Jumamosi iliyofuata nikamchukua mbuzi jike, kijana safari hii, tukaenda kwa gari la kukodi: mimi, Pendo, mtoto mgongoni, na Asnath akimshika mbuzi kamba. Gerald aliahidi kupiga simu.

Mbuzi alichinjwa asubuhi, na kituo kizima kikanukia mchuzi. Wazee wa kudumu walitolewa barazani wamevaa nguo za kanisani na za msikitini. Nilikalishwa kwenye kigoda, macho kwenye sakafu, beseni mbele yangu. Nikasikia fremu inakuja: tok, buruta, tok, buruta. Nikaiona ile miguu. Wa kulia hautangulii tena kwa hasira, unafuata nyuma taratibu. Akaketishwa kwenye kiti mbele yangu. Nikanyoosha mikono juu ya beseni.

Jagi likaja. Nilikiona kipini changu, na juu yake vidole vinene, vilivyopauka, vikijifunga kimoja kimoja. Mkono ukainuka ukitetemeka. Mkono wa Idrissa ukajitokeza pembeni kumsaidia.

"Toa," Bibi Asnath alisema.

Ukaondoka.

Maji ya kwanza yalimwagikia kiatu changu. Ya pili yakaingia kwenye suruali, mahali ambapo watu walicheka sana. Sikusogea. Jagi likayumba, likatulia, likayumba tena, na hatimaye maji baridi ya lile tanki yakanimwagikia vidoleni, kidogo kidogo, mpaka jagi likaisha.

"Baba Asnath," sauti ilisema, bila tanki. "Inua uso."

Shingo ilikuwa nzito kama siku ile garini. Niliinua. Nilikuwa nimejitengenezea kichwani uso mkali wa kunikatalia mbuzi miaka yote, na huyu hapa bibi mwenye macho ya Asnath wangu, mdomo umelegea upande mmoja, upande wa pili unacheka na huku machozi yanamtoka.

"Kumbe una upara," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akajipangusa kwa mkono wa kulia, pole pole, akajipiga nao pua kidogo. "Nilikuwa nakuchelewesha makusudi. Nilipenda unavyokimbilia kwenye alizeti. Nikasema, muda tunao." Akatikisa kichwa. "Ujinga wa mzee. Hakuna mwenye muda."

Tukala. Alinipa nyama ya kwanza kwa mkono ule ule, nusu ikaanguka, nikaiokota nikaila. Gerald akapiga simu katikati ya mchuzi kuuliza kikao kimeamua nini. Sista Klara mwenyewe ndiye aliyepokea. "Kitanda nimempa mwingine," alimwambia. "Mama yako ana mtu."

Jioni gari likasogezwa barazani. Nikasimama mbele ya kiti, nikapanua miguu, nikakunja magoti, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake. Idrissa alikuwa kando, midomo ikihesabu nami. Moja, mbili, tatu, nikainuka naye. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito wa Idrissa, nikakuta mifupa mikubwa na nyama kidogo, na moyo unaodunda haraka kifuani kwangu. Kumbe anaogopa. Miaka yote nimemkimbia mtu mwepesi namna hii.

"Usiniangushe," alisema sikioni mwangu.

"Siangushi, mama."

Nilimgeuza hatua fupi fupi kuelekea garini, kidevu chake begani kwangu, macho yake nyuma yangu, upande wa jengo lilipo lile simtanki jeusi.

"Tanki," alisema, "pumzika. Sasa nitamwambia mwenyewe."